Filamu ndani ya buibui

Mji Mkongwe, Jumatano

Shikamoo Babu,

Kamera yako haikuwa tupu kama ulivyosema. Bi Zuhura, mkusanyaji wa kamera kongwe niliyempelekea aitazame, alikuwa keshashika komeo la mfuniko afungue. Kabla hajafungua, akajaribu kuzungusha kifundo cha kurudishia filamu, kikawa kizito.

"Babu yako kasahau, mwanangu! Filamu imo. Tungefungua tu, mwanga ungeziunguza picha zote."

Nikakumbuka kwamba nyumbani hatuna hata picha moja ya marehemu Bibi.

Mfuko wa giza wa Bi Zuhura, wa kutolea filamu pasipo mwanga, umechanika. Basi tukafunga madirisha, akavisha kamera mabuibui mawili, moja juu ya jingine, akaingiza mikono yake kupitia mikono ya mabuibui. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni, mpaka akasema, "Imetoka salama." Kisha akaisafisha kwa dawa.

Picha nyingi zimeharibika kwa uzee. Moja imesalimika. Kwenye filamu cheupe huonekana cheusi, kwa hiyo Bibi anakucheka kwa meno meusi tii, amekunyooshea mwiko kama anayekufukuza jikoni.

Mungu akuweke, Babu, umwone tena nikikuletea picha hii.

Mjukuu wako,
Raya