Mama, Mashine Ilikuwa Nzima

Mama,

Nimekasirika, na wa kumwambia ni wewe tu, ingawa huko uliko barua hazifiki.

Unakumbuka siku niliyokuja na kamera nyumbani Ilembo? Ofisi ilinituma nitengeneze filamu ya kuhifadhi mahindi, nami sikumjua mwingine wa kukushinda kwa kazi hiyo. Nilikuomba ueleze tu jinsi ya kuyakausha kabla ya kuyatia kihengeni. Ukaeleza vizuri, kisha ukaigeukia kamera ukasema, "Huyu anayenipiga picha nimemzaa mimi. Anafundisha watu mahindi, lakini muulizeni kama anajua mpini wa jembe unashikwa wapi." Nilicheka mpaka picha ikatikisika. Miaka yote ya kazi hii nilikuwa natafuta filamu ya namna hiyo, watu wajifunze huku wanacheka, na mimi mwenyewe nimo ndani nachekwa.

Kule Dar es Salaam mkuu wangu hata hakutabasamu. "Filamu ni ya mahindi," aliniambia, "si ya ukoo wako." Nikabisha kidogo, kidogo mno, halafu nikashika mkasi nikakukata kwa mkono wangu. Vipande vikatupwa. Badala ya sauti yako ikawekwa ya mtangazaji, anasoma habari za mahindi kama anasoma tanzia.

Gari la sinema lilipofika Magamba, jirani na kwetu, nilikuwemo, nawe ukaja kwa miguu na majirani kujiona. Kwenye kitambaa ikatokea mikono yako tu, inapukuchua. Ukaniuliza, "Mikono naijua, mwanangu. Mdomo wangu umeupeleka wapi?" Nikajibu mashine iliharibika. Ukawatuliza majirani, ukaniambia ikitengenezwa nije tena. Mashine ilikuwa nzima, Mama. Niliogopa kufukuzwa kazi. Masika yaliyofuata homa ikakuchukua, na mimi sikuwa nimerudi.

Sasa wananisifu ofisini. Filamu yenyewe inazungushwa wilaya kwa wilaya, na kila nikiiona natamani kuipiga teke ile projekta. Najichukia zaidi kuliko ninavyomchukia mkuu.

Wiki iliyopita nilikaa mbele ya kipaza sauti nikayasema maneno yako yote, neno kwa neno, ili angalau yabaki mahali. Fundi wa sauti alisikiliza, akangoja pa kuchekea, kisha akaniuliza kwa upole kama nimemaliza.

Pumzika, Mama. Nisamehe ukiweza.

Kitindamimba wako