Filamu Mbaya Kuliko Zote za Mwaka Huu

Tarehe 3 Novemba

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimepona. Mimi mwili mzima. Naandika kwa haraka, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Najua huwa hutegemei barua yangu kabla ya Desemba, ile yenye orodha ya filamu nzuri na mbaya nilizoziona mwaka mzima. Mwaka huu orodha ilikuwa inakwenda vizuri. Nimefika mia moja na themanini na saba. Juu kabisa nilikuwa nimeweka ile ya wazee wawili wanaoezeka upya paa la nyumba yao. Wamenuniana tangu ujana, filamu nzima hawasemeshani, wanapokezana misumari tu. Chini kabisa nilikuwa nimeweka ile ya vita vya kale ambapo mfalme anakata roho akiwa na saa mkononi, kisha anafukuza nzi. Nilidhani hakuna kitakachoziondoa hizo mahali pake.

Juzi Jumanne ikaletwa diski kutoka huko uliko.

Unajua tunavyofanya kazi, lakini ngoja nieleze tena, maana leo kila kitu kina uzito. Filamu haionyeshwi kwa watu mpaka sisi wawili, Mkuu na mimi, tuitazame mwanzo hadi mwisho katika kile chumba cha viti vitatu, kisha kila mmoja ajaze upande wake wa fomu na kutia sahihi. Mkuu hulala kabla majina ya waigizaji hayajaisha. Mwaka wangu wa kwanza aliniambia, "Kijana, jaza na upande wangu. Una mwandiko mzuri." Nikajaza. Na sahihi yake nikatia. Mpaka leo natia. Hilo nimemwambia mtu mmoja tu duniani, nawe unamjua.

Taa zikazimwa. Kwenye skrini kikatokea chumba cha viti vitatu. Mzee amelala, kinywa wazi, miwani imeteleza mpaka kwenye mdomo. Pembeni yake karani kijana amejikunyata, anajaza fomu kwa kalamu mbili tofauti ili wino usifanane.

Dada, kalamu mbili!

Kisha mfagiaji akafungua mlango, akasema, "We Kifaranga, mkubwa wako amekufa au amelala?"

Nilihisi kiti kinanikimbia. Jina hilo nimeitwa na watu wawili maishani. Mmoja tumemzika, mwingine ni wewe. Nikageuka kumtazama Mkuu wangu. Amelala, miwani mdomoni, vilevile. Wakawa wanakoroma wawili, wa kwenye filamu na wa kwangu, na kuna mahali walikuwa wanapokezana.

Nilizima mashine dakika ya ishirini na mbili, nikakohoa kwa nguvu. Mkuu akazinduka: "Imekwisha? Nzuri?" Nikamwambia mashine imeharibika. "Basi Alhamisi," akasema, akaenda kunywa chai.

Nikairudisha mwanzo nisome majina. Mwandishi wa hadithi: jina la mama. Lile alilokuwa akiitwa kabla hajaolewa.

Niambie si wewe. Hata kama ni uongo, niambie.

Mdogo wako.


Tarehe 13 Novemba

Kwako Kifaranga wangu,

Marahaba, mdogo wangu. Kifua kimepona, asante.

Ni mimi.

Nilikuambia nasafisha vyumba vya kampuni ya filamu. Halafu nikakuambia nimepanda cheo, nawe kwa heshima yako hukuuliza cheo gani. Ilikuwa hivi. Mwaka juzi, saa ya chakula, nilikuwa nasoma orodha yako nacheka peke yangu. Wenzangu wakasema tutafsirie, usicheke kichoyo. Nikawasomea habari ya ule mzimu uliopiga chafya katikati ya kutisha watu. Walicheka mpaka machozi. Mama mmoja anayeandika hadithi za kampuni alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Huyu mtu ana barua nyingine?" Nikasema ninazo, zimejaa sanduku.

Tukaandika pamoja kila Jumamosi, mimi na yeye. Mdogo wangu, nimekaa huku miaka tisa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza "unaonaje?" badala ya "umemaliza?"

Ningekuomba ruhusa ungesema ngoja nifikirie, na ungefikiria mpaka ukaota mvi. Nikajiambia filamu ndogo kama hii haitavuka kuja huko. Nikakosea.

Lakini uliizima. Itazame yote, kisha unitukane.

Dada yako, mwenye makosa.


Tarehe 24 Novemba

Kwako Dada,

Huku ni salama. Nimeitazama yote. Alhamisi ile Mkuu alilala dakika ya nne.

Kalamu mbili ningekusamehe. Hata mkoromo. Lakini umeweka siku aliyokufa mama. Simu inapigwa ofisini kutoka hospitali, karani anaambiwa awahi, mama yake anakata roho, naye anarudi kwenye kiti kumalizia filamu ya kuchekesha kwa sababu anaogopa kumwamsha mkubwa wake aombe ruhusa. Nilikuandikia jambo hilo mara moja tu, nikakuomba ukimaliza kusoma uichome barua. Umeliweka kwenye ukuta mzima, lenye rangi na muziki.

Na ule mwisho! Watu wote wamekwishajua habari ya sahihi, mlango uko wazi, mzee ameamka, anamwuliza kijana, "Una la kusema?" Naye anajibu, "Sina, Mkuu." Anakaa. Giza. Hivyo ndivyo unavyoniona?

Sasa sikiliza nilichofanya, maana mwenyewe sijakiamini. Nilichukua fomu nikaandika: isionyeshwe. Nikatoa sababu tatu. Ya tatu: "Mhusika mkuu hana ukweli, hakuna mtu mwoga kiasi hicho." Nikatia sahihi yangu. Nikabadilisha kalamu, nikatia ya Mkuu. Miaka minne nimetia sahihi ile kwa kuagizwa. Safari hii hakuniagiza mtu. Nilipomaliza nilitazama mkono wangu kama wa jirani.

Fomu imekwishaondoka. Hiyo ndiyo filamu mbaya kuliko zote nilizoziona mwaka huu. Mfalme na saa yake amepona.

Mdogo wako.


Tarehe 6 Desemba

Kwako mdogo wangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia.

Barua ya kukataliwa imefika kwenye kampuni. Wameniita niwasomee, kwa kuwa ni lugha yetu. Nikasoma mbele ya watu tisa waliosimama na vikombe mkononi. Nilipofika sababu ya tatu nikacheka, nikashindwa kuacha, wakadhani nimerukwa na akili. Kisha nikalia, wakawa na hakika.

Kuhusu mama sina cha kujitetea. Mimi nilikuwa mbali, nisingefika hata kwa kuruka. Wewe ulikuwa mitaa mitatu tu, na hukwenda. Nilikuchukia. Hukujua, sivyo? Miezi mingi nilikuwa nakujibu "mdogo wangu mpenzi" huku nimeuma meno. Kwa hiyo nilikaa na yule mwandishi wa kampuni nikaliandika jambo hilo, nione mtu anawezaje kubaki kwenye kile kiti. Nikaliandika mara kumi na moja. Nilipomaliza, chuki haikuwepo tena.

Lakini kinachonifanya niandike haraka ni hiki: kampuni imekata rufaa. Nimewasihi waache, hawasikii. Wanasema kwa kanuni za huko kwenu rufaa inasikilizwa na bodi nzima, filamu inatazamwa upya, na waliotia sahihi wanaulizwa mmoja mmoja. Ni tarehe kumi na tisa.

Wakigundua ile sahihi, kazi huna, na pengine ni polisi. Kwa hiyo nakuomba, mimi niliyekuandika umekaa kimya: kaa kimya. Filamu na ife. Nitaandika nyingine.

Dada yako.


Tarehe 9 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nashangaa tu. Najua umehangaika kwa kukosa barua yangu Desemba. Kila nikishika kalamu nilikuwa naiweka.

Tarehe kumi na tisa walikuja watu watano wa bodi. Viti vikaazimwa idara ya jirani. Mkuu alikaa mbele na hakufumba hata ukope. Mzee wa kwenye filamu alipoanza kukoroma, mwanasheria wa bodi, mama mnene wa makamo, aliangua kicheko. Kisha akamwona Mkuu wetu, akajiziba mdomo kwa leso. Mkuu alikuwa amevua miwani, ameishika mapajani kama mtu aliyekutwa na kitu cha wizi.

Taa zikawashwa. Mwenyekiti akainua fomu. "Mkuu, sahihi hii ni yako?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu isipokuwa alilotoa.

"Ni yangu," alisema. "Niliitazama yote. Takataka tupu."

Nikamtazama, Dada. Alikuwa ananiokoa mimi au anajiokoa mwenyewe? Mpaka leo sijui. Mwenyekiti akanigeukia: "Na wewe karani, unakubaliana na mkubwa wako?"

Kila kitu kilikuwa salama. Ilibaki neno moja tu. Kazi ningebaki nayo, polisi wasingesikia kitu, filamu yako ingerudi kwenye kasha lake, nawe mwenyewe ulikuwa umenisihi. Nilitaka kukutii kwa moyo wote, Dada. Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

Nikasikia mtu anasema, "Hakuiona, Mwenyekiti. Alikuwa amelala. Sahihi hiyo nimeitia mimi. Hiyo na nyingine kama mia nane."

Mwanasheria akatega sikio. "Sema tena, kijana. Hatukusikia."

Yaani nilitoa sauti ndogo kiasi kwamba nililazimika kujimaliza mara mbili! Nikarudia. Kalamu ya mwenyekiti ikaanguka, na hakuna aliyeinama kuiokota.

"Mia nane?" Mkuu aliuliza taratibu, kama mtu anayetajiwa umri wake kwa mara ya kwanza. Hakukasirika. Alivaa miwani, akanitazama, nadhani hajawahi kunitazama kabla ya hapo.

Yeye amestaafishwa. Mimi nimesimamishwa, nangoja barua, polisi hawajatajwa. Bodi iliitazama filamu yako mara ya pili na kuipitisha kwa walio juu ya miaka kumi na tano. Nasikia kura zilikuwa tatu kwa mbili.

Sasa orodha. Mwaka jana niliona mia mbili na tisa. Nzuri kuliko zote bado ni ya wazee wa paa, usinune. Ya pili ni ile ya mtangazaji wa redio anayeendelea kusoma habari na kutania wasikilizaji, hajui kituo kilifungwa tangu asubuhi. Mbaya kuliko zote ni ya mfalme. Amerudi mahali pake na nzi wake. Yako nimeitoa pale chini, lakini sijapata pa kuiweka, na nitakuambia kwa nini.

Jumamosi nilikwenda kuiona ukumbini, onyesho la saa nane mchana. Miaka minne nimetazama filamu pembeni ya mtu mmoja aliyelala. Sikujua kwamba watu hupiga kelele. Walimzomea mzee, wakamwonea huruma mfagiaji. Ilipofika simu ya hospitali, ukumbi mzima ukanyamaza. Nilifumba macho. Nilidhani watamzomea na kijana. Hakuna aliyemzomea. Mama mmoja mwenye kikapu, aliyekaa kiti cha jirani, alisema polepole, "Jamani, mwanangu," kana kwamba yuko naye mle ndani. Nililia, Dada. Siku ya mama yetu sikulia.

Ukafika ule mwisho wako. Mzee anauliza, "Una la kusema?" Mama wa kikapu akainuka nusu, akapiga mkono wa kiti: "Sema wewe! Sema, mjinga mkubwa wee!"

Nikajikuta nimemjibu kwa sauti, mimi, mbele ya watu: "Alisema, mama. Alisema baadaye. Mara mbili."

Akanigeukia, akanikagua toka utosini hadi viatuni. "Wewe umejuaje? Kuna sehemu ya pili?"

Nikamwambia nitakuuliza.

Mdogo wako.