Kuta za Mama Bhoke

Dada Rehema, shikamoo.

Huku Kenyamonta matope yameingia kila mahali, hata ugali nautafuna una mchanga. Wiki iliyopita mvua na upepo viliangusha nyumba nyingi, nami nimetumwa kupiga picha watu wakigawiwa unga na mablanketi. Jana foleni ilikuwa ndefu, ila mama mmoja, Mama Bhoke, hakujipanga. Alikuwa amechuchumaa kando ya nyumba yake iliyobomoka, anazungusha karai la maji. Nikadhani anasafisha chombo cha kuchukulia unga. Nikamuuliza anaosha nini.

"Mura," akaniita, kama wanavyoita vijana huku, "naosha nyumba."

Kumbe udongo wa kuta zake ulichimbwa kwenye kile kilima ambacho sasa kimejaa mashimo ya dhahabu. Walijenga kabla mtu yeyote hajajua. "Tumelala tumeegemea mali, na chumvi tunaomba kwa jirani," akasema. Akanionyesha kitu cha njano ndani ya karai, kidogo kuliko punje ya mchele. "Hii ni ya ukuta wa mlangoni. Bado kuta tatu."

Waliosimama karibu walikuwa wametusikia. Nilipogeuka kupiga picha ya foleni, foleni haikuwepo. Mgawaji alibaki peke yake na magunia, watu wote wamekimbilia kwao kutafuta makarai.

Nakukumbuka sana, na kisamvu chako zaidi. Mwambie shemeji asipige lipu ule ukuta wa udongo wa jikoni mpaka nirudi.

Mdogo wako, Juma