Tumekusikia, Tunakuja

Busia mjini,
Jumanne, 12 Agosti

Kwa dada yangu Everlyne,

Pokea salamu zangu huko Nakuru, wewe na shemeji Mathews na mapacha wetu. Natumaini kifua cha yule mdogo kimepona na kwamba baridi ya Julai haikuwatesa sana. Mimi mwili wangu haujambo. Nyumbani nilienda Jumamosi. Mihogo imeshika vizuri, jirani yetu Mama Ajiko bado anafagia kiwanja chetu kila asubuhi bila kuombwa na mtu, na kaburi la Mama limeanza kuota nyasi upande wa kichwa. Malori ya Malaba ni yale yale na foleni ni ile ile, unaiangalia mpaka unachoka.

Najua umeshtuka kupata barua. Mimi ni mtu wa meseji za maneno matatu, na wewe hunitania kwamba hata siku ya kufa kwangu nitatuma kikatuni cha uso unaolia. Lakini jambo hili halienei kwenye meseji, na kwa simu ningekusikia ukivuta pumzi nikaogopa, nikanyamaza. Nimenyamaza vya kutosha. Tafadhali keti, usome mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu yeyote, hata shemeji.

Nianze na kazi yangu, maana hujawahi kuielewa vizuri na kosa ni langu, nilipenda ionekane ngumu. Ile programu ya simu ya kuitia pikipiki za wagonjwa sikuitengeneza yote kwa mikono yangu. Siku hizi hakuna anayefanya hivyo. Kuna kitu tunakiita SDK, yaani fungu la vifaa ambavyo watu wa mbali wameshavitengeneza: kimoja kinajua ramani, kingine kinatuma ujumbe, kingine kinasoma simu iko kwenye mtandao upi. Wewe unalichukua, unaliingiza ndani ya programu yako, kisha unalirekebisha liwafae watu wako. Ni kama zile sare za dukani ambazo wazazi walimletea Mama pale soko la Chakol kila Januari. Shati lilikuwa limeshashonwa, kazi yake ilikuwa kupunguza mikono na kushusha pindo. Unakumbuka alivyokataa vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi. Alisema mtoto aje asimame hapa mwenyewe, nguo hupimwa mwilini.

Kazi yangu hiyo ilimpa Mama kiburi kitamu. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba mtoto wake ameweka hospitali ndani ya simu, na mimi nilimwacha aseme. Krismasi nilimwekea programu kwenye simu yake, kitufe kikubwa chekundu, nikamwonyesha mara mbili. Nilimwambia kwamba siku akijisikia vibaya asihangaike kutafuta namba, asiende kusumbua majirani, abonyeze tu kisha atulie. Maneno hayo nakuomba uyaweke akilini.

Mwendeshaji wa upande wetu alikuwa Osukuku. Wewe ulihama kabla hajaizoea nyumba, kwa hiyo ulimjua kwa sura tu. Ndiye aliyekuwa akimletea Mama vitambaa kutoka Malaba, na mara nyingi alikula ugali wa wimbi mezani petu kabla hajarudi steji ya pikipiki. Mwezi wa Februari programu ilimpeleka ng'ambo ya mto. Mama mmoja wa upande wa Uganda alikuwa na uchungu wa kuzaa, akabonyeza, na Osukuku akavuka kwa njia ya panya akamchukua. Polisi wa huko walimshika siku mbili, yeye na pikipiki yake. Alipoachiliwa alikuja ofisini kwangu akifoka, “Boss, hiyo kitu yako itanifunga! Mimi ni wa Chakol, sasa unanituma Uganda kama nani?” Nilimpa soda na kumwahidi kwamba haitatokea tena. Na kweli haikutokea tena.

Siku ya Mama unaijua, ila wewe ulisimuliwa kwa simu, kwa hiyo niruhusu niiseme kama nilivyoikuta. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na saba Aprili. Saa saba mchana Mama Ajiko alimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Amevaa gauni lake la buluu na kitambaa safi kichwani, mkoba mapajani, kadi ya hospitali mkononi. Alikuwa ameshapoa. Daktari aliniambia ni moyo, na kwamba moyo wa namna ile hutoa saa moja au mbili, mtu akifikishwa mapema. Kila aliyekuja matangani aliuliza swali moja: kwa nini hakuita? Kwa Mama Ajiko ni hatua sitini, na Mama Ajiko alishinda nyumbani asubuhi nzima akibambua karanga. Yule mama yetu ambaye sauti yake ilivuka mto akifukuza mbuzi, alikaa kimya amevaa nguo za kutokea.

Ndipo ikasemekana kwamba bila shaka alibonyeza, na Osukuku hakwenda. Watu wa steji walikiri kwamba alikuwa anacheza drafti kwa vifuniko vya soda kuanzia saa tatu. Yeye aliapa kwamba simu haikulia. Wajomba wakanigeukia mimi mwenye kitu chenyewe, wakaniuliza kinafanya kazi au hakifanyi. Nikajibu kwamba programu haina shida. Siku hiyo nilikuwa bado naamini.

Siku ya mazishi, Osukuku alipoinama achukue udongo amtupie Mama, wewe ulimshika mkono mpaka udongo ukamwagika. Ukasema mbele ya watu wote kwamba drafti yake imekula mama yako. Sikulaumu, dada. Uliyasema kwa uchungu na kwa habari ulizopewa. Lakini maneno yako yalitembea. Wenzake wa steji walimvua lile koti la kung'aa. Shirika linaloigharimia programu liliniandikia kwamba nimfute kwenye orodha ya waendeshaji, na nikamfuta kwa vidole vyangu hivi. Mkewe alirudi kwao Adungosi na watoto. Osukuku akaondoka Chakol bila kuaga.

Jumamosi, nilipotoka nyumbani, nilimfuata. Yuko Khunyangu, anabeba magunia ya mihogo kwa pikipiki ya mtu mwingine, amekonda mpaka shingo. Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Kumbe aliposikia jina langu alishuka kwenye pikipiki, akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Aliniambia kwamba miezi hii yote amefikiria, na sasa anajua simu ililia. “Boss, lazima ililia. Hiyo kitu yako haikosei. Ni mimi masikio ilifungwa na mchezo. Mama alinilisha, mimi nikamuacha.” Akaniomba nimwambie dada yangu kwamba anaomba msamaha, na kwamba kama familia itamruhusu, angependa aje siku moja atupe ule udongo.

Nilimwambia nitafikisha salamu, nikapanda gari nikarudi mjini. Salamu nimezifikisha. Sasa nikwambie ukweli ambao yeye haujui.

Simu ya Osukuku haikulia. Isingeweza kulia. Mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Baada ya yeye kushikwa ng'ambo, shirika lililalamika, na nilitaka kuwaridhisha wote kwa alasiri moja. Nikarudi kwenye ile SDK, kwenye kile kifaa kinachosoma simu iko mtandao gani, nikakiamuru kwamba simu ikiwa imeshika mtandao wa Uganda, ombi lisitumwe. Ni mistari mitatu tu. Nikaijaribu Khunyangu, mbali na mto, kwa kuwa nilikuwa na mkutano huko. Ilifanya kazi vizuri kabisa, nikapongezwa.

Mimi, mtoto wa nyumba ile! Mbele ya nyumba ni Kenya, nyuma ya nyumba ni Uganda, tumekua tukijua hivyo. Ni wewe uliyeanzisha ule utani kwamba katika boma letu kwenda choo ni kusafiri nje ya nchi, kwa sababu ukifika kwenye ndizi tu simu inatetemeka na kukuletea ujumbe wa kukukaribisha Uganda. Mama aliurudia utani huo kwa kila mgeni. Hata mbwa wetu angeniambia mtandao wa pale jikoni ni wa wapi. Lakini nilipima kwenye karatasi. Sikumwita mtoto asimame.

Na hilo si baya kuliko yote. Wazee waliojaribu programu mwanzoni waliogopa kile kiduara kinachozunguka ujumbe ukiwa bado njiani, walidhani simu imeharibika. Nikaona niwapoze moyo. Nikapanga kwamba mtu akibonyeza tu, papo hapo, kabla simu haijatuma chochote, aone maandishi ya kijani: “Tumekusikia. Tulia, tunakuja.” Nikayaweka kwa Kiteso na kwa Kiswahili. Maneno niliyatunga mimi mwenyewe, na nilipoyatunga nilikuwa ninamfikiria Mama.

Asubuhi ya mazishi nilichaji simu ya Mama ili nipate namba ya mjomba wa Soroti. Ile SDK huweka kumbukumbu ya kila kitendo ndani ya simu yenyewe. Mama alibonyeza saa nne na dakika arobaini. Akabonyeza tena saa tano kasoro dakika sita. Akabonyeza mara ya tatu saa tano na robo. Mara zote tatu ilimjibu kwamba imemsikia na kwamba tunakuja. Ndiyo maana hakumwita Mama Ajiko. Ndiyo maana alivaa gauni la buluu. Mama hakuachwa na Osukuku na wala hakukosa sauti, dada. Aliambiwa atulie, akatulia. Alimwamini mtoto wake.

Niliyajua hayo tangu asubuhi hiyo, na mchana nikasimama kando yako ukimshika Osukuku mkono, nikatazama chini. Kosa la kwanza naweza kuliita uzembe. Hili la pili sina jina lake. Nilijiambia kwamba nitasema baada ya wageni kuondoka, halafu nikasema baada ya arobaini, halafu siku zikazoea kupita. Nimelala na aibu hii tangu Aprili nikidhani ni yangu peke yangu, kumbe kuna mtu Khunyangu aliyekuwa ameibeba kwa niaba yangu mpaka akaiamini.

Jana niliondoa ile mistari mitatu na yale maandishi ya kijani. Leo asubuhi nimekwenda nyumbani, nikasimama nyuma ya nyumba penye kile kiti, nikabonyeza kwa simu yangu. Simu ya mwendeshaji mpya wa Chakol imelia mara moja. Amefika baada ya dakika kumi na moja. Nimemwomba radhi kwa usumbufu, nikakaa kwenye kiti cha Mama nikalia kama mtoto. Barua ya shirika nimeiandika pia, ina kila kitu, wataamua watakavyoamua. Kesho alfajiri narudi Khunyangu, na safari hii sitarudi na salamu.

Misa ya kumbukumbu ya Mama ni Jumapili ya tarehe thelathini na moja, pale pale nyumbani. Nitasimama mbele ya watu wale wale, niseme kama nilivyosema hapa. Nakuomba uje. Kunisamehe mimi usiharakishe, na kama itashindikana nitaelewa. Lakini ulimwaga udongo wa Osukuku kwa sababu yangu, na hakuna mwingine anayeweza kumrudishia isipokuwa wewe. Njoo umjazie mkono.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta simu ya Mama. Imejaa chaji, na programu yake sijaigusa, iko vile vile kama alivyoiacha, ili usinisadiki kwa maneno tu.

Nisalimie shemeji, uwabusu mapacha, na Mola awalinde barabarani mkija. Mama Ajiko anasema atakuchomea mahindi, anajua unavyoyapenda.

Ni mimi mdogo wako, ambaye Mama alivaa nguo safi akamngoja,

Callistus