Siji Kwenye Akika Mpaka Somo Wangu Achanjwe

Muyinga

Amisi,

Una kichwa kigumu kama cha marehemu baba yako, ila chake kilikuwa na kitu ndani. Juzi kwenye simu nimekuuliza neno moja tu, mtoto utampeleka kuchanjwa au hutampeleka, we ukaanza kunihadithia mbuzi wa akika, rangi yake na pembe zake. Nikarudia swali. Ukasema rezo inakatika. Rezo haikukatika, aliyekata ni wewe. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Karatasi haina pa kuzimia. Utaisoma yote, na ukishindwa mpe mkeo akusomee kwa sauti, tena yeye asikie pia.

Sasa nakusalimu, maana hata mtu anayegombezwa anasalimiwa. Asalaam aleikum wewe na nyumba yako. Kifua chako kimepoa? Mkeo amerudisha nguvu? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua kukiwa na baridi, na Muyinga asubuhi iko baridi kama huko kwetu, lakini sijalala kitandani kwa sababu yake hata siku moja. Dada yako Mwajuma mzima. Issa, mtoto wake wa kwanza, anasoma na anakula. Rehema, mdogo wake, yupo. Habari za Rehema zinakuja, zisubiri.

Ukiona herufi zangu zinapanda na kushuka, usicheke. Mi nilifundishwa kuandika na mwalimu wa Kurani aliyeshika fimbo kuliko kitabu, na sikukaa sana. Lakini nilichoandika kinasomeka kuliko vipimo vya suruali unavyoandika ukutani.

Nimeikumbuka nyumba yangu ya Gitega mpaka naona aibu kwa umri huu. Naamka nasikiliza kengele za kanisa la Mushasha, zile nilizokuwa nakandia unga wa mandazi. Zikilia za kwanza nachanganya hamira, zikilia za pili nawasha makaa kwenye mbabula. Baba yako alikuwa ananicheka, Mwislamu mzima anapangiwa saa na mapadri. Hapa kengele sizisikii. Kuna makamyo yanayotoka mpakani Kobero, yanapiga honi giza bado halijaondoka, na mimi nashtuka nikidhani nimechelewa kuwasha moto. Halafu naona ukuta si wangu.

Nakumbuka cherehani yako pale barazani, inavyokwenda, inavyosimama, unavyoitukana uzi ukikatika. Zaidi nakumbuka kichwa cha somo wangu. Ulimpa mtoto jina langu, Mariamu, halafu nikamuacha ametoka arobaini tu, kichwa kinanuka maziwa na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mawese, niliyompaka kwa mkono wangu. Kwenye simu uliniambia sasa anakaa mwenyewe, meno yamechomoza, na cherehani ikianza kulia anacheza mabega. Hayo mabega, Amisi, nalala nayo na kuamka nayo. Wanawake huku wananipa watoto wao niwabebe. Nawabeba. Mikono inajua kwamba si yeye.

Sasa sikiliza.

Unajua nilikuja huku kwa nini. Mume wa Mwajuma alivuka kwenda Tanzania kutafuta kazi, na Mwajuma hawezi kuuza vitenge sokoni huku watoto wanamvuta sketi. Nikasema nakaa kidogo. Kisha mama mkwe wake akafariki, humu humu ndani, na hilo ulilisikia, ukatuma rambirambi. Usilolisikia ni yaliyotokea kwenye matanga.

Watu walikuja wengi, wa mjini na wa milimani. Na unajua desturi yetu. Mtu aliyekuja kulia harudishwi mlangoni, hata aje na nini. Watoto wadogo nao hawaachwi kwenye moshi wa masufuria wala kwenye vilio. Wanatandikiwa mkeka mmoja chumba cha ndani, wanapangwa ubavu kwa ubavu kama mikate, dirisha linafungwa upepo usiwapige, na mama mmoja anakaa hapo kuwachunga. Wewe umelala kwenye mikeka hiyo, dada yako amelala, mimi nimeitandika miaka yote. Sikuwahi kuona ubaya wake.

Siku ya pili akaja mama mmoja wa mlimani, jamaa wa marehemu, na mtoto mgongoni. Mtoto macho mekundu, kamasi, anakohoa kikohozi kikavu. Mimi nilikuwa nje kwenye sufuria la maharage, haya nimeyajua baadaye. Mama aliyekuwa anachunga mkeka alimuuliza, huyu ana nini? Akajibiwa ni mafua ya safari. Nani atamhoji zaidi mtu aliyefunga kitambaa cha kilio? Mtoto akalazwa katikati. Rehema alikuwa ubavuni kwake, wakafunikwa shuka moja.

Matanga yakaisha, watu wakatawanyika. Haikupita muda Rehema akaanza homa. Macho yakawa hayataki mwanga, halafu vipele vikatoka nyuma ya masikio, vikashuka usoni, vikashuka mwilini kote. Surua. Agasama yenyewe, ile ile tuliyoijua utotoni.

Nyumbani alikuwa amebaki Asha, shangazi wa mume wa Mwajuma, amekaa kutuliza nyumba baada ya msiba. Akashika usukani. Akafunga dirisha kwa blanketi, akakataza mtoto asiogeshwe, akakataza hata ugonjwa usitajwe jina. Na akasema surua haitaki sindano, ukimpeleka mtoto akachomwa, vipele vinarudi ndani na kumla moyo. Mwajuma, aliyezaliwa na mimi, akamsikiliza. Nikamwambia tumbebe mtoto twende. Akasema shangazi amesema tungoje vipele vitoke vyote.

"Vimefika mpaka kwenye nyayo," nikamwambia. "Vitokee wapi tena, ukutani?"

Asha akasema mimi ni mgeni katika nyumba ya watu. Kweli, ni mgeni. Mgeni akamfunga mtoto mgongoni, akachukua mwavuli kumkinga macho na jua, akatoka. Mwajuma akanifuata analia, viatu mkononi.

Pale sante, wanapotibu watoto, tulikuta kina mama wamejaa mpaka uani. Nikatazama nyuso, nikawatambua. Nusu ya mkeka ilikuwa pale. Infirmiye, muuguzi wa pale, alikuwa msichana mdogo, amechoka, lakini mkono wake mzuri. Alimpa Rehema matone ya vitamini, akampa dawa ya kifua, akatulaza hapo. Kisha akauliza kama mtoto alichanjwa. Mwajuma akatikisa kichwa.

Wengi walipona. Yule mama aliyekaa kuchunga mkeka, mtoto wake alizikwa siku ya Ijumaa. Tulikwenda tena kwenye matanga, Amisi, na safari hii kila mmoja alishika mtoto wake kifuani, chumba cha ndani kikabaki kitupu.

Rehema wetu alipona vipele. Akaanza kula, akaanza kutembea. Tukashukuru. Ila masikio yalikuwa yanatoa usaha, na ulipokauka tukaona hageuki akiitwa. Tukadhani ni udhaifu, tukadhani ni ukaidi wa ukoo wenu. Unakumbuka alivyokuwa akifanya adhana ikilia? Anaacha kila kitu, anaweka mikono masikioni kama mwadhini, watu wanakufa kwa kicheko. Sasa adhana inalia, yeye anachota mchanga. Akiona Issa amesimama na kuchukua kopo la udhu, ndipo naye anaweka mikono masikioni. Anachelewa, lakini anaweka. Sote tunatazama pembeni.

Tunampeleka kwa daktari wa masikio. Anasema huenda kidogo kitarudi. Hakusema kitarudi.

Issa alilala na Rehema shuka moja siku zote hizo, akala mabaki ya uji wake, na surua haikumgusa. Kwa nini? Issa alichanjwa zote mbili. Sasa jiulize kwa nini mdogo wake hakuchanjwa. Mama mmoja, sante ile ile.

Nitakuambia. Mwajuma amenikataza, lakini mi sikumuahidi kitu. Siku ya chanjo ya Rehema alikuwa amekwisha kuvaa, mtoto yuko mgongoni, simu ikalia. Ilikuwa sauti uliyomtumia wewe kutoka mtaani kwetu Nyamugari, ya yule mwanaume asiyejulikana anayesema sindano za surua zimewekwa kitu cha kuzuia wasichana wasizae. Na mbele yake umeweka maneno yako mwenyewe, dada usimpeleke, sikiliza hii kwanza. Mwajuma akasimama mlangoni akasikiliza. Kisha akafungua kitenge, akamshusha mtoto.

We unadhani hapokei simu zako kwa sababu ya biashara.

Sauti hiyo bado anayo. Nilimwambia aifute. Akanijibu, "Ya nini, mama? Rehema haisikii."

Sijakuandikia haya ili ulie. Ukilia, lia ukiwa unatembea kwenda kuchanjisha. Najua hukutaka mabaya, najua unampenda Rehema, ulimshonea gauni la Idi kabla hata ya wako. Najua pia mtoto wako mkubwa alipochomwa alipata homa, ukakaa naye kifuani ukaapa hutachomesha mwingine. Homa ile ilikwisha kesho yake. Na leo anakimbia mpira.

Unasema zinazuia kuzaa. Amisi, mwanangu, wewe nilikuchomesha, mkeo mama yake alimchomesha, na ninyi mna watoto wanne. Nyamugari nzima imechomwa. Zingekuwa zinazuia kuzaa, kungekuwa na nafasi ya kuanika nguo katika kartiye ile. Imamu wa hapa naye alisema baada ya swala, wachanjeni, na watoto wake walikuwa wamekwisha kwenda.

Unasema surua ni ya utoto, hata wewe mama uliugua ukapona. Ndiyo, nilipona. Tuliopona ndio tunaopiga hadithi. Mama yangu alizaa watoto ambao majina yao alikuwa anayataja akipeta mchele, akidhani hatusikii. Nenda kawaulize wale.

Sasa akika. Unataka kunipa heshima, umeichelewesha unisubiri, na nimefurahi, sitaki kukuficha. Nimejiona nimekaa kwenye mlango wangu, somo wangu magotini, nimefunga kitenge kile cha zambarau. Lakini ukichinja mbuzi, watu wa Muyinga watakuja, ni ndugu, na ugonjwa huku bado unatembea. Watakuja wa Yoba, watakuja wa milimani. Hutamrudisha mtu mlangoni, wala mi siwezi. Na wanawake watatandika mkeka katika chumba changu, watafunga dirisha langu, na mtoto mwenye jina langu atalazwa katikati kama mwenye shughuli. Basi siji. Kwa miguu hii inayotaka kutembea mpaka Gitega leo, nasema siji. Ukichinja bila chanjo, kula mwenyewe.

Nisalimie mkeo Zuhura, mkwe wangu. Mwambie simgombezi yeye, ila siku nyingine mumewe akizuia, ambebe mtoto aende, mlango hauna kufuli. Nisalimie kaka yangu Hamadi wa Yoba, mwambie aache tumbaku. Nisalimie mwalimu Kristina, mpangaji wetu, na nimemshukuru kwa kumwagilia mboga zangu za lengalenga. Wajukuu wote wabusu, mmoja mmoja, usiwabusu kwa jumla.

Sasa fanya hivi. Somo wangu anatimiza miezi tisa mwezi huu, ndio umri wao wa kuanza. Siku ya chanjo ikifika, usifungue cherehani. Mbebe wewe mwenyewe, usimtume mama yake, wanaume wa kartiye wakuone. Muulize infirmiye tarehe ya sindano ya pili, na usiisahau. Ukirudi, shika simu ile ile, kwa mdomo ule ule, urekodi sauti nyingine, uwatumie wote uliowatumia ile ya kwanza. Waambie kilichompata mtoto wa dada yako. Akika itangoja kidogo mpaka mwili wa mtoto ushike dawa, na siku hiyo kila mama atashika wake, mkeka sitaki kuuona.

Halafu panda gari uje Muyinga. Usimwombe dada yako msamaha kwenye simu. Njoo ukae naye, ucheze na Rehema, umuone anavyotusubiri tusimame ndipo ajue kwamba wameadhini. Tutarudi Gitega pamoja, mimi na wewe.

Lakini kabla ya yote hayo, hapo hapo sante, sindano ikiingia, nipigie. Usiseme kitu. Weka simu karibu na mdomo wa mtoto nimsikie analia. Nikisikia ndipo nitafunga mzigo wangu.

Mama yako,
Mariamu