Majina Kumi ya Mautuma

Amerika, 4 Machi 1968

Kaka Erastus,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna. Miguu ya Mama je?

Tumeanza kujifunza lugha ya kompyuta iitwayo Besiki, ya wanaoanza. Juzi tulifundishwa orodha: unaipa mashine majina, kila jina linapata nambari, kisha unaiamuru iyapange kwa alfabeti. Nikaweka majirani wetu, kumi tu, maana wakizidi lazima kwanza uiombe nafasi. Karatasi yenyewe nimeikunja humu. Barasa wa kwanza, wewe wa pili! Mwonyeshe Mama acheke.

Dada yako,
Musimbi

Malava, 2 Aprili 1968

Dada Musimbi,

Hatujambo kidogo. Miguu ya Mama imepata nafuu, lakini kucheka hajacheka.

Niliisoma karatasi yako sokoni. Kosa langu. Unajua watu hapa wanangojanga orodha ya watakaopewa mashamba ya wazungu kule Mautuma. Barasa akaninyang'anya: "Hii imepigwa na mashine! Nambari moja ni shamba langu!"

Nikamwambia ni masomo yako tu.

"Basi mbona kumi kamili?"

Akaondoka nayo. Kesho yake aling'oa mabati ya nyumba, akaenda Mautuma na mkewe na watoto. Masinde, ambaye hayumo kwenye karatasi, hanisalimii tena. Nifanye nini?

Kaka yako,
Erastus

Amerika, 19 Aprili 1968

Kaka,

Nisamehe sikuulizi hali. Sili, situlii. Mfuate Barasa. Mwambie lilikuwa zoezi la darasani. Ningeiamuru mashine ipange kinyume, yeye angekuwa wa kumi. Msomee barua hii. Arudi apande kabla mvua haijapita.

Dada yako,
Musimbi

Malava, 27 Mei 1968

Dada,

Mama anakusalimu.

Nilimkuta Barasa Mautuma. Amejenga kibanda, mahindi yamefika magotini. Afisa wa ardhi amemfukuza mara mbili. Yeye humwonyesha karatasi yako. Nikamsomea barua yote. Mkewe, Nanjala, aliendelea kupalilia.

"Najua, Erastus," Barasa akasema. "Nilijua wiki ile ile ya kwanza. Sasa nirudi wapi? Kishamba kile cha Malava tunagawana ndugu watano."

Akanionyesha kwa kidole pori lililo jirani. "Pale ni nambari mbili."

Leo ni siku ya nne tangu nirudi. Nazunguka uani, Mama ananiuliza nimepoteza nini. Jumatatu ijayo naenda kule na jembe. Usiniandikie kunieleza ile karatasi ni nini. Najua.

Kaka yako,
Erastus