Sabuni ya Kupima

9 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba kwa shikamoo zako zote. Mimi mzima, ila goti linanung'unika nikipanda ngazi. Wewe na hilo tanuri lenu la mikate mnaendeleaje? Najua ungependa nipige simu, lakini kwenye simu mimi huishia "haya, haya", na mazungumzo yanakufa.

Mwanangu, nimeaibika. Jana mzoa taka aligoma. Alisimamisha mkokoteni mlangoni, akaitazama mifuko yangu, akaniuliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mzee, humu mnaishi watu wangapi?"

Nikamwambia niko peke yangu.

"Peke yako unanijazia mkokoteni! Hao jirani zako wana watoto sita, wanatoa kamfuko kamoja."

Watu walikuwa wanapita. Nilijifanya nafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa ndala.

Anasema kweli lakini. Tangu mama yako atutoke naishi kwa chakula cha kununua, na kila mlo unakuja na boksi lake, kijiko chake cha plastiki na mfuko wake. Maji nanunua ya chupa. Chupa tupu nyuma ya mlango wa jikoni zimefika dirishani. Paka akizigusa zinaporomoka, nami nashika fimbo nikidhani ni mwizi. Nifanyeje? Akili ya mama yako umeirithi wewe.

Baba yako

2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, na pole kwa goti. Nimecheka barua yako mpaka wenzangu wakaacha kukanda unga. Eti kamba za ndala!

Sasa nisikilize. Maji chemsha, baba. Umeme wa hospitali nzima ulikuwa mikononi mwako, huwezi kushindwa na birika. Sokoni nenda na kikapu, na nyanya mwambie muuzaji azitie humohumo, usipokee mfuko. Yapo maduka yanayopima sabuni ya maji na mafuta ya kupikia. Beba chupa yako mwenyewe wakujazie. Na maganda usiyachanganye na takataka nyingine. Yatupe kwenye ndoo, funika na udongo, yataoza yawe mbolea.

Usitake kufanya yote kwa siku moja, nakujua. Utachoka Jumanne, Jumatano urudie maboksi.

Kitindamimba wako

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Afya njema huku, natumaini na huko.

Nimebeba kikapu! Siku ya kwanza nilikibeba kwa mbali na mwili, kama cha mtu aliyeniomba nimshikie. Hakuna aliyenitazama. Nikapata moyo, nikaenda kwenye duka la sabuni ya kupima, nyuma ya soko. Mwenye duka ni mama mmoja wanayemwita Mama Sabuni, ana kicheko cha kuamsha mtoto aliyelala. Nikampa chupa yangu anipimie mafuta. Akaifungua, akainusa, akanitazama.

"Mzee, hii ilikuwa na mafuta ya taa."

"Niliisuuza."

"Uliisuuza! Nikutilie humu mafuta ya kupikia, kesho waseme nimekuua mimi?"

Duka zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, mwanangu. Nilishangaa kujisikia. Akanipa chupa ya kioo ya kuazima, akaniambia nisiporudisha atanifuata hadi nyumbani.

Mzoa taka leo amepita, nikampa kamfuko kadogo. Akachungulia ndani ya nyumba. "Umehama?"

Baba yako

17 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mzima mimi, joto tu la tanuri.

Nimefurahi kuhusu ndoo ya mbolea na kwamba unajipikia. Ila nina swali. Kila barua uliyoniandikia tangu Machi ina sabuni. Ulikwenda kununua Jumatatu, ukaenda Jumatano "kidogo tu", na Ijumaa "ilikuwa imepungua". Baba, mtu mmoja anamalizaje sabuni yote hiyo? Unafulia jeshi?

Kitindamimba wako mwenye macho

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Umenikamata, sina pa kukimbilia. Nanunua robo chupa ili niwe na sababu ya kurudi.

Mama Sabuni naye ni mjane. Hana makuu. Wateja wake wakimdai mifuko ya plastiki anawapa ya nguo, anaishona mwenyewe dukani, kwenye cherehani iliyo kati ya mapipa. Aliniambia vitambaa vimemwishia. Nikakumbuka magauni ya mama yako sandukuni, unyevu ulikuwa umeanza kuyala. Nikampelekea. Mwanangu, ungeona mifuko ilivyotoka! Hasa ule wa gauni la maua ya njano.

Ningependa siku moja mfahamiane.

Baba yako

20 Juni

Baba,

Niko mzima.

Gauni la maua ya njano mama alilivaa siku aliyonisindikiza kuja huku. Ndiyo picha yake ya mwisho niliyo nayo kichwani, amesimama nalo akinipungia mkono. Sasa linabebea watu viazi.

Sikatai uwe na mtu wa kucheka naye. Lakini yalikuwa magauni ya mama yangu, na hukuniuliza.

Mwanao

4 Julai

Mwanangu,

Nilipaswa kukuuliza. Niliona ni nguo zinazooza, sikukumbuka kwamba wewe uko mbali na huna hata kipande chake cha kushika.

Nilimwambia Mama Sabuni. Aliweka mkasi chini palepale.

"Binti hakuulizwa? Wewe mzee wewe! Uliniletea kana kwamba marehemu alikuwa wako peke yako!"

Yale ambayo hayajakatwa ameyafua, ameyapiga pasi na kuyafunga kwenye shuka safi. Yako kabatini kwangu, hayataguswa. Mimi amenifukuza dukani. Anasema hanipimii hata tone mpaka mtoto awe ameridhika. Basi nafua kwa sabuni ya kipande.

Mfuko wa maua ya njano nakutumia na barua hii. Haujabeba viazi. Haujabeba chochote.

Baba yako anayekupenda

15 Agosti

Mwanangu,

Hujaandika, wala sikuandikii kukusumbua. Nataka tu ujue kwamba kwenye ile ndoo ya maganda umeota mnyanya, na mimi sikuupanda. Nauangalia kila asubuhi. Sabuni bado ya kipande.

Baba

3 Oktoba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Unisamehe kimya changu. Mimi mzima, na hujambo ya safari hii naiuliza kwa moyo wote.

Kifurushi chako nilikisukuma chini ya kitanda. Sikutaka kukiona. Mwezi uliopita bosi alitugawia mikate iliyobaki, na mifuko ya plastiki ilikuwa imekwisha. Nilirudi nyumbani na mikate mkononi kama mwizi. Siku iliyofuata nikakifungua kifurushi, nikaenda kazini na ule mfuko.

Yule dada ninayefanya naye kazi tanurini akaushika. "Mzuri huu! Nani kakuchagulia kitambaa?"

"Mama," nikasema.

Basi, baba, mdomo ukafunguka. Nikamsimulia alivyokuwa anabishana na muuza vitambaa mpaka jamaa anafunga duka, alivyoimba vibaya kanisani bila kujali. Miaka miwili nafanya kazi na yule dada, sikuwahi kumtaja mama mbele yake. Tulicheka, tukalia, trei nzima ya mikate ikaungua. Bosi alifoka, kisha naye akauliza mfuko umeshonwa na nani. Sasa wateja tunawaambia waje na mifuko yao, na wengi wanakuja nayo.

Mwambie Mama Sabuni nimeridhika. Mwambie mshono wake umenyooka. Magauni yaliyobaki ashone, ila lile la buluu aniachie, nitalivaa mwenyewe.

Na akufungulie duka, masikini.

Kitindamimba wako

22 Oktoba

Kitindamimba wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Nimeisoma barua yako nimesimama njiani, mzoa taka akanipigia kelele nipishe mkokoteni.

Niliipeleka dukani. Mama Sabuni aliisoma taratibu, akajifuta macho kwa aproni, akaniambia nisimwangalie. Nami sijui nguvu nilizitoa wapi. Kati ya mapipa, wateja wanasubiri, goti likinisumbua, nikamwomba anioe. Ndiyo, nilikosea, nilisema "unioe". Wateja wakacheka mpaka mmoja akamwaga mafuta.

Yeye hakucheka. Akasema, "Nakupenda, mzee. Lakini safari hii mtoto aulizwe kwanza."

Basi mwanangu, nakuuliza.

Baba yako

8 Novemba

Wapendwa,

Shikamooni.

Ndiyo! Nimepewa likizo, nafika wiki ya kwanza ya Desemba. Njooni wote wawili kunipokea.

Binti yenu